Wa Nyuma Hawajui ya Mbele: shajara ya mchezo wa sauti

Mwisho wa Machi

Tunatengeneza mchezo wa kuigiza wa kusikiliza tu. Wasikilizaji 24 wanakaa kwenye chumba cha giza, kila mmoja na hedifoni yake, na kwa dakika 16 wanakuwa watu wanaosubiri pantoni ya Kigamboni saa kumi na mbili na nusu jioni, siku ya kazi, upande wa Magogoni. Jina la muda ni *Geti*. Timu ni mimi ninayeandika na kuongoza, fundi sauti, waigizaji watano, na dada wa uzalishaji ambaye ndiye mshika fedha na kwa hiyo ndiye bosi. Naandika shajara hii kwa sababu wanaouliza "mmefika wapi?" wamekuwa wengi na nimechoka kuwajibu mmoja mmoja.

Watu wakisikia ni mchezo kuhusu umati wanadhani tutakwenda Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga. Ingekuwa rahisi: watu 60,000, ngoma, vuvuzela, goli, basi. Lakini umati wa mpira umekuja ili uwe umati. Umevaa jezi, unaimba wimbo mmoja, na timu ikifunga unamkumbatia usiyemjua. Watu wa pantoni hawajakubaliana lolote. Kila mmoja anataka kufika nyumbani, na kila mmoja anadhani umati ni wale wengine. Tulifikiria pia kituo cha mwendokasi, Kimara au Gerezani, ila pantoni ina kitu cha peke yake: ile dakika geti linapofunguliwa. Watu wamesimama wametulia, wengine wanachati, geti linasogea, na ghafla hakuna anayemjua jirani yake. Daraja la Nyerere lipo tangu 2016 na wenye magari wanazunguka nalo, lakini mtu anayetoka Posta kwa miguu bado njia yake ni hii.

Kwa wasiojua mbinu yenyewe, nitaeleza mara moja. Sauti ikitoka kushoto inafika sikio la kushoto kwanza, kisha la kulia, na tofauti yake ni chini ya milisekunde moja. Kichwa kinazuia sehemu ya sauti nyembamba, na mikunjo ya sikio nayo inaibadilisha kutegemea imetokea wapi. Ubongo unasoma tofauti hizo ndogo na kukuambia: yuko nyuma yako, kulia. Ukimwekea mtu maikrofoni mbili ndogo masikioni, ukarekodi, halafu ukamsikilizisha mwingine kwa hedifoni, huyo wa pili anajikuta amesimama pale pale. Si jambo jipya. Mwaka 1881, kwenye maonyesho ya umeme ya Paris, Clément Ader alipanga vinasa sauti vya simu kwenye jukwaa la Opera, na watu waliokuwa jengo jingine wakasikiliza kwa visikizi viwili, kimoja kila sikio. Wakashangaa kusikia waimbaji wakihama upande. Sisi tumefika zaidi ya miaka 140 baadaye na tatizo letu ni upepo.

Aprili, Magogoni

Kibali kimepatikana, barua imegongwa muhuri. Sharti tulilojiwekea wenyewe ni kwamba hatutumii maneno ya mtu yeyote yanayoeleweka. Mtu akisikika anagombana na mkewe kwenye simu, kipande hicho kinakatwa, maneno mengine yanaandikwa na kuigizwa. Tunachochukua ni miguu, mifuko, minyororo, injini, na vitu vinavyogongana.

Kusi imeanza kuvuma, na pale mlangoni mwa bandari haina huruma. Sponji za maikrofoni hazikufua dafu. Kilichosaidia ni mtandio. Mwigizaji wetu wa kike, ambaye ndiye mbeba maikrofoni mkuu, alijifunga mtandio mwepesi wa pamba juu ya masikio na upepo ukakatika. Ule wa poliesta ulikuwa unakwaruza kila akigeuza shingo. Fundi sauti sasa ana mitandio ya rangi tatu kwenye begi la vifaa na hataki utani juu ya hilo.

Jambo kubwa la mwezi huu limeletwa na kimo. Fundi sauti ni mrefu, mwigizaji wetu wa kike hafiki begani kwake. Waliingia pamoja, kila mmoja na rekoda yake, wakasimama wakiwa wamegusana katikati ya watu wale wale. Tulipokaa kusikiliza tulijikuta na sehemu mbili tofauti kabisa. Kwa mrefu kuna kunguru, kuna honi, kuna spika ya matangazo, muuza maji anasikika yuko kule na muuza korosho kule kwingine, bodaboda wanawasha pikipiki nje ya uzio. Juu kuna hewa. Kwa mfupi hakuna juu. Kuna zipu. Kuna funguo kwenye mfuko wa suruali ya mtu, simu inayotetemeka ndani ya mkoba sentimita chache kutoka sikioni, mtu anameza mate, nguo inasuguana na nguo. Tangazo la spika limefifia mpaka huelewi hata neno moja, kwa sababu miili na nguo hunyonya sauti nyembamba na kuacha mvumo mzito.

Nilikuwa na mswada wenye msikilizaji mmoja. Nikauweka kando jioni ile ile. Anayesikia tangazo na asiyelisikia hawako kwenye umati mmoja, hata kama viwiko vyao vinagusana.

Tukajaribu na kimo cha mtoto: maikrofoni pande mbili za begi la shule lililobebwa mkononi, kama sentimita 100 kutoka chini. Fundi sauti alisikiliza nusu, akavua hedifoni, akasema hiyo sekunde 20 zinatosha. Sikubishana naye. Ziko dakika ya tisa.

Bado Aprili, mvua

Masika imetukalia. Ukumbi tulioazimwa una paa la bati na mvua ikianza hakuna kurekodi wala kuelewana. Kwa hiyo tunachanganya sauti tu, chumbani kwa fundi, na huko ndiko ilikodhihirika kwamba umati hautengenezwi kwa kuongeza watu.

Hesabu ya awali ilikuwa ya kawaida: waigizaji watano warekodiwe tena na tena, wapangwe kulia na kushoto, mpaka wafike 100. Kwenye michezo ya redio tuliyokulia, umati ulikuwa watu wanne studio wakinung'unika "eeh, kweli kabisa, haiwezekani," na ulitosha, maana redio ina spika moja na wewe uko nje ya huo umati, unautazama kwa mbali. Ndani ya hedifoni mambo ni mengine. Sauti 10 ni watu 10. Sauti 30 bado ni watu, ila huwashiki. Zikifika 100 zinageuka mvua juu ya bati, kishindo kimoja kisicho na mtu ndani yake. Unaongeza watu na watu wanapotea.

Tukapunguza. Leo nyomi letu lote lina watu sita walio hai: jirani wa kushoto, mama mwenye mzigo, kijana anayeongea na simu, mzee wa mbele asiyetaka kusogea, mtoto, na mmoja asiyesema kitu ila anapumua juu ya shingo yako tangu mwanzo hadi mwisho. Waliobaki ni miguu, nguo, na ule mvumo wa mbali, rekodi halisi ya Magogoni iliyokatwa sauti nyembamba. Wachache tuliowasikilizisha tukawauliza pale ni watu wangapi, hakuna aliyetaja chini ya mia mbili.

Yule wa kupumua ni mwigizaji wetu mkongwe kuliko wote. Sauti yake inafika mwisho wa ukumbi bila maikrofoni, na katika mchezo huu kazi yake yote ni pumzi. Tulimrekodi akiwa nyuma ya kichwa cha plastiki cha kuuzia mawigi, kimenunuliwa Kariakoo, kikabandikwa masikio ya silikoni yale ya kujifunzia kutoboa, maikrofoni zikakaa ndani ya matundu. (Vichwa vya kitaalamu vipo, Neumann wa Ujerumani wanavitengeneza, kimoja tu kinameza bajeti yetu yote.) Kwa kuwa kilikuwa kitupu ndani kikawa kinavuma chenyewe, tukakijaza mchanga na vitambaa. Mzee akakitazama kichwa, akanitazama mimi.

"Mwanangu, huyu nimpumulie kwa hasira au kwa uchovu?"

"Kwa joto, mzee."

Akafanya mara moja, ikatosha. Nimeshaongoza watu wanaohitaji maelezo ya kurasa mbili ili waseme "hodi".

Mei, kapu

Msikilizaji wa kwanza kutoka nje ya timu ni mama anayenunua samaki Feri alfajiri na kuvuka nao kwenda kuuza Kigamboni. Tulifahamiana wakati wa kurekodi. Ndiye aliyemuuliza yule dada kwa nini kila siku ana mtandio mwingine na mikono haiishi kugusa masikio. Tukamwalika. Baada ya shikamoo na chai alivaa hedifoni, akakaa dakika tano bila kutikisika, akavua.

"Watu mmewapata," akasema. "Kapu langu liko wapi?"

Tukamwomba afafanue. Akasema akiwa kwenye foleni hasikilizi watu, anasikiliza kapu. Ukili unalia ukibanwa. Ukilia kidogo ukanyamaza, ni jirani amejigeuza. Ukilia mfululizo, huko nyuma wameanza kusukuma, na hapo yeye haangalii tena geti. Analihamisha kapu kutoka ubavuni, analiweka mbele ya kifua na kulikumbatia kwa mikono miwili. Anasema anafanya hivyo kwa ajili ya samaki, wasipondwe. Hali ya watu wote walio nyuma yake anaipata kwenye kapu kabla hajasikia mtu hata mmoja akilalamika.

"Nyie mnasema mchezo wa kusikia, halafu mmenijazia watu wanaopiga kelele. Wakifika kupiga kelele wameshachelewa."

Tulinunua kapu la ukili siku hiyo hiyo. Mwigizaji wa kike alikaa nalo mbele ya kichwa cha wigi akilibana kwa magoti, polepole, huku fundi akisogeza kichwa kidogo kidogo. Kapu kavu lina mlio mkali, mwembamba, kama halijazoea; likiloweshwa maji ya chumvi mlio unashuka na kunyooka. Tunatumia lililolowa. Mlio huo umeondoa kurasa mbili za mazungumzo yangu, zile ambazo watu walikuwa wanasema "jamani mnatuumiza," na sikuzilia. Mama tumemlipa ada ya mshauri. Kwenye daftari la fedha imeandikwa hivyo hivyo: ushauri wa kapu.

Mei, mita moja ya mraba

Mvua zimepungua, tumerudi ukumbini. Tulibandika mkanda sakafuni, mita moja kwa mita moja, tukaanza kuingiza watu. Wawili wanapiga soga. Wanne wanaendelea na soga ila mikono imeshuka. Watano wanaanza kuombana radhi. Wa sita alipoingia soga likakatika lenyewe. Kila mtu akainua kidevu na kutazama dari, na kwenye rekodi unazisikia pumzi zikifupika. Tukaishia hapo, na tulikuwa tumekubaliana kabla kwamba tutaishia hapo.

Sababu ni hii. John Fruin, mhandisi wa Marekani aliyechambua maafa ya misongamano, aliandika mwaka 1993 kwamba watu wakifika kama 7 kwa mita moja ya mraba, umati unakaribia kuwa kimiminika. Mawimbi yanapita ndani yake, mtu anainuliwa akaacha viatu chini, na hakuna misuli ya mtu mmoja inayoweza kushindana na hayo. Vyuma vya uzio vimekutwa vimepinda kwa msukumo wa zaidi ya nyutoni 4,500. Na wanaokufa katika hali hiyo wengi hawafi kwa kukanyagwa, ingawa vichwa vya habari vinapenda neno hilo. Wanakosa pumzi wakiwa wima, kifua kimebanwa hakiwezi kupanuka. Nilipolisoma hilo nikaelewa mama wa kapu anafanya nini. Mikono miwili na kapu mbele ya kifua ni nafasi ya kupumulia. Samaki wanalindwa, na yeye pia.

Sauti haiwezi kumbana mtu kifua, na hatutajifanya kwamba inaweza. Kusimamisha watu gizani pia hapana. Tulichonacho ni benchi. Wasikilizaji wanane kila benchi, mabega yakigusana, na kwenye mbao chini yao spika mbili za besi, moja kila mwisho. Mvumo unaingia kwenye nyonga kabla haujafika sikioni. Namna ya kuuendesha tumeiazima kwa Denis Bartolo na wenzake wa Lyon, Ufaransa, ambao walipiga video kutoka juu wakati watu wamejazana kufungua sikukuu ya San Fermín huko Pamplona, Hispania. Mwaka 2025 walichapisha matokeo: umati uliobanana kiasi kile hauyumbi ovyo, mamia ya watu wanazunguka pamoja, taratibu, duru moja kama sekunde 18, na hakuna aliyeamua iwe hivyo. Uwanja wa Pamplona si jengo la kusubiria pantoni, najua. Ni ule utaratibu wake ulionishtua, maana nilikuwa nimeandika msukosuko. Besi yetu sasa inatoka kushoto kwenda kulia na kurudi kwa sekunde 18. Anayesikiliza hausikii huo mwendo. Anakuja kugundua tu kwamba amemwegemea jirani.

Juni, mbele na nyuma

Fundi sauti amekuwa akipambana na tatizo ambalo kila anayerekodi kwa namna hii analijua: sauti ya mbele haikai mbele. Kwenye hedifoni, bila macho kusaidia, na kwa kuwa ukigeuza kichwa sauti zote zinageuka nawe, mtu anayeongea mbele yako anaweza kusikika yuko nyuma, au ndani ya fuvu lako. Kulia, kushoto na nyuma zinafanya kazi vizuri mno. Mbele pana shimo. Alijaribu kulitengeneza kwa programu, akarekebisha hiki na kile, mara likaziba, mara likafunguka kwa msikilizaji mwingine mwenye masikio ya umbo jingine.

Nikamwambia aliache. Kwenye msongamano mbele yako kuna mgongo wa mtu. Hujui ya mbele. Fruin naye analisisitiza hilo: maafa mengi hukua kwa sababu taarifa hazirudi nyuma. Walio nyuma wanaona nafasi imetokea, wanasogea hatua moja kwa nia njema kabisa, na hawana namna ya kujua kwamba mbele hakuna pa kwenda.

Hapo mchezo ulipata umbo. Mabenchi matatu, tukio moja, sauti tatu. Benchi la mbele liko getini. Geti limefunguka nusu likakwama, na wanachosikia ni chuma, kapu, mtoto. Benchi la nyuma limerekodiwa na fundi mrefu: wanasikia honi, wanasikia tangazo kwamba pantoni imefika, wanatania, "mbona hawaendi hawa, wanasubiri kubebwa?" Benchi la kati liko ndani ya nguo za watu na linaishi kwa tetesi. Pantoni mbovu. Hapana, wanapakia magari kwanza. Nani kasema? Kuna kaka mmoja hapo kasema.

Dakika ya 11 na sekunde 40, benchi la nyuma linasogea hatua moja, huku mtu anacheka. Sekunde nne baadaye, kwenye benchi la mbele, kapu linalia na haliachi. Wanaocheka hawamsikii mtoto. Tumepima sekunde hizo nne kwa saa ya kompyuta na kuzibishania kuliko kitu kingine chochote katika mradi huu. Fundi alitaka mbili. Mama wa kapu, tulipompigia simu, alisema, "Inategemea kama kuna mizigo katikati," tukaweka nne.

Hakuna mtu mbaya kwenye mswada huu. Wafadhili wawili tuliozungumza nao walitaka awepo, mmoja akapendekeza kibaka. Penye wengi pana mengi, kibaka naye yumo, lakini ukimweka, wasikilizaji wote watamshika yeye na kusahau ile hatua moja.

Juni, hedifoni za disko

Njia tatu zinahitaji hedifoni za njia tatu, na zipo tayari mjini: zile za disko la kimya, zinazokodishwa kwa sherehe. Kompyuta moja inatoa sauti sita, mbili kwa kila transmita, na hedifoni inachagua nyekundu, kijani au buluu. Bei ya kukodi tuliweza kuijadili kwa sababu tunazihitaji siku za katikati ya wiki, ambazo hakuna anayeoa.

Kero zake nazo si haba. Zina taa za rangi kwenye masikio, na chumba cha giza kikawa klabu. Zimezibwa kwa tepu nyeusi ya umeme. Zina kitufe cha kubadilisha njia, na kijana mmoja kwenye majaribio alikibonyeza bila kujua, akatoka akisema alikuwa getini halafu akajikuta nyuma anacheka. Dada wa uzalishaji aliona ni wazo zuri, kila mtu ahame apendavyo. Mimi nikakataa. Kwenye umati huhami. Kitufe nacho kimepigwa tepu. Zina mchachato mdogo wa redio, lakini kwa kuwa sisi hatuna ukimya wowote ndani ya dakika 16, umezama. Lililobaki ni kulia na kushoto. Mtu akivaa kinyume gizani, jirani anayemwomba radhi anasikika bega jingine na mwili unakataa kuamini. Kila hedifoni sasa imeshonewa kifungo cha shati upande wa kulia, na mhudumu anasema kabla taa hazijazimwa: gusa kifungo, kiwe mkono wako wa kulia.

Juni, tusichokifanya

Dar es Salaam huwezi kueleza mradi huu bila mtu kuuliza kuhusu Uhuru. Tarehe 21 Machi 2021, watu walipokuwa wakiuaga mwili wa Rais Magufuli katika Uwanja wa Uhuru, 45 walifariki kwenye msongamano. Mwaka mmoja kabla, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walifariki Moshi kwenye ibada ya uwanjani, waliposongamana kwenda kukanyaga mafuta ya upako.

Hatuyaigizi matukio hayo na hatuyadokezi. Waliofiwa wapo, wanavuka na pantoni hiyo hiyo, na hawajatuomba tuwarudishe mahali popote. Kwenye *Geti* hakuna anayekufa. Geti linafunguka lote, watu wanamwagika kwenye njia ya chuma, kandambili zinapiga chuma, na mvumo wa injini unachukua nafasi ya mvumo wa watu. Kilichoingia kutoka kwenye maarifa ya maafa ni sentensi moja ya mama wa kapu kwa jirani yake: "Kunja mikono mbele ya kifua, mwanangu, usiishushe." Anaisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwambia mtu kamba ya kiatu imefunguka.

Upande wa chumba chenyewe: mlango haufungwi kwa funguo, wahudumu watatu wana tochi nyekundu, na ukivua hedifoni tu anakuja mmoja kukutoa. Mwanzoni tulitaka waliochoka wainue mkono. Gizani.

Julai, jaribio la watu 24

Majirani wa ukumbi, wanafunzi wawili wa sanaa, mafundi cherehani wa ghorofa ya chini, mama wa kapu na shoga zake. Umeme ulikatika robo saa kabla ya kuanza ukarudi wenyewe, kwa hiyo inveta inaingia kwenye orodha ya manunuzi.

Kijana mmoja alivua hedifoni dakika ya tisa, pale pa kimo cha mtoto, akatolewa nje kwa tochi, akanywa maji, akasema yuko sawa ila hataki kurudi. Utaratibu ulifanya kazi. Wengine walibaki hadi mwisho.

Taa zilipowashwa hatukuwa tumepanga mjadala, ila ulijipanga. Fundi cherehani wa benchi la mbele aligeuka nyuma na kuuliza, "Nyie mlikuwa mnacheka nini?" Wa nyuma wakashangaa: walijua pantoni imefika, wametangaziwa, wamesogea, kosa liko wapi? "Tangazo lipi?" akauliza wa kati. Mbele hawakuamini kama kulikuwa na tangazo. Nyuma hawakuamini kama kulikuwa na mtoto. Walibishana kwa muda mrefu kuliko mchezo wenyewe, mpaka mtu akaomba wabadilishane mabenchi wasikilize tena, na fundi ikabidi achaji hedifoni. Nilitaka kuandika igizo la pili kueleza la kwanza, sasa sihitaji. Tutaacha nusu saa baada ya kila onyesho na kukaa pembeni.

Tatizo ni benchi la kati. Mwanafunzi mmoja alilala. Anasema hakulala, alikuwa amefumba macho, lakini shoga wa mama wa kapu alikuwa amekaa ubavuni kwake na anasema alikoroma. Kuanzia dakika ya sita tetesi zinarudiarudia, na kutokujua kunakokwenda mbali namna hiyo kunachosha kabla ya kutisha.

Sasa hivi

Besi na kapu vimekwisha. Benchi la mbele halitaguswa tena, nimemwahidi fundi. Benchi la nyuma linahitaji utani mpya mmoja, huu uliopo waigizaji wameuzoea na inasikika. Kibali cha maonyesho kimeombwa. Inveta, mazungumzo yanaendelea. Dada wa uzalishaji anataka tufungue kabla ya mvua za vuli, na kwa paa lile yuko sahihi.

Kazi iliyobaki ni dakika ya 6 hadi ya 11 ya benchi la kati. Nataka kuondoa nusu ya tetesi na kuweka yale ambayo watu huongea kweli wakiwa wamekwama na hawaambiwi kitu, kwa hiyo jioni hizi niko Magogoni na daftari tu, nimesimama katikati. Mpaka sasa nina ukurasa mmoja, na sehemu kubwa yake ni bei ya nyanya.